Ridhaa ya Mwenye Simu

Tochi haina haja ya kujua mwenye nayo yuko wapi. Kazi yake ni kuwaka. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 2010 kulikuwa na programu ya bure ya simu za Android iliyoitwa Brightest Flashlight, ambayo iligeuza taa ya kamera kuwa kurunzi, na watu waliipakua mara makumi ya mamilioni. Desemba 2013 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba mbali na kumulika, programu hiyo ilikuwa ikiipelekea mitandao ya matangazo mahali simu ilipo pamoja na namba ya kuitambulisha simu yenyewe. Kulikuwa na jambo jingine, dogo lakini la kuudhi zaidi. Mtu alipoifungua mara ya kwanza aliletewa mkataba wenye vitufe viwili, cha kukubali na cha kukataa. Kabla hajagusa hata kimoja, taarifa zake zilikuwa zimeshaanza safari.

Programu hiyo haikuuza pombe wala haikuchezesha kamari. Iliwaka kama ilivyoahidi na haikumtoza mtu senti. FTC ilisema ni udanganyifu, ikaamuru taarifa zilizokusanywa zifutwe na watumiaji waelezwe wazi siku za mbele, na kisheria shauri likaishia hapo. Kwa mtu wa dini, au kwa yeyote anayejiuliza riziki yake imepita wapi kabla ya kumfikia, hapo ndipo shauri linapoanza. Aliyelipa ni mwenye bidhaa, aliyepokea ni mtengenezaji wa programu. Kilichouzwa ni macho ya mtu, muda wake na habari zake, na mwenye vitu hivyo hakuwepo walipokuwa wanapatana bei.

Swali hili limeshafika Dar es Salaam, Mombasa na Kampala. Kijana mwenye kompyuta analipa Google Play dola 25 mara moja tu, anafungua akaunti, anaunda programu ya tenzi za kanisani, ya nyakati za swala, ya mapishi au ya maswali ya mitihani iliyopita, kisha anaunganisha AdMob. Kampuni hiyo ya kuleta matangazo ilianzishwa mwaka 2006, na mwaka 2009 Google ilitangaza kuinunua kwa dola milioni 750. Kuanzia hapo kazi ya mtengenezaji ni kusubiri. Mtazamaji wa Tanzania huleta sehemu ndogo tu ya kile anacholeta mtazamaji wa Marekani, na malipo hayatolewi mpaka salio lifike dola 100. Wapo wanaongoja miezi. Anayemhukumu kijana huyu amwone alivyo: si tajiri anayenyonya watu, ni fundi anayetafuta kodi ya chumba.

Maulamaa wanaoulizwa kuhusu mapato haya huanza kwa kuyatafutia nafasi katika fiqhi ya biashara. Wapo wanaoyaona kuwa ni ijara, yaani mwenye programu amekodisha kipande cha kioo cha simu kama mwenye nyumba anavyokodisha ukuta wa barabarani. Wengine huyaona kuwa karibu zaidi na ju'ala, ujira unaolipwa matokeo yakipatikana, maana mara nyingi pesa huja mtu akibofya au akitazama mpaka mwisho. Jibu linalosikika zaidi ni kwamba asili yake ni halali iwapo kinachotangazwa ni halali. Matangazo ya pombe, kamari, mikopo ya riba na picha zisizo na staha yazuiwe. Yakipenya mawili matatu, pato lake likadiriwe na litolewe kwa wenye shida bila ya kutarajia thawabu, kwa kuwa hapo mtu anaitakasa mali, hatoi sadaka.

Ni jibu zuri, ila lina ugumu wake kwenye hesabu. AAOIFI, taasisi ya Bahrain inayoweka viwango vya taasisi za fedha za Kiislamu, imewawekea wanunuzi wa hisa mpaka unaojulikana: kampuni ambayo kazi yake ya msingi ni halali, lakini imechanganyika na pato lisilofaa, pato hilo lisizidi asilimia 5 ya mapato yake yote, na mwenye hisa atoe fungu lake la pato hilo chafu. Kampuni ina vitabu vya hesabu, kwa hiyo asilimia 5 inaweza kutafutwa. Mtengenezaji wa programu aitafute wapi? Mwenye duka anajua chupa zipi zimepangwa kwenye rafu yake. Huyu rafu yake hupangwa upya kila mteja anapoingia, na hupangwa na mtu mwingine.

Mambo huenda hivi. Mtu akifungua programu, msimbo wa mtandao wa matangazo uliomo ndani yake hutuma ombi. Ombi hilo hubeba aina ya simu, lugha, eneo kwa makadirio, na mara nyingi namba ya utambulisho wa matangazo iliyotolewa kwa simu hiyo. Hufanyika mnada wa chini ya sekunde moja, mshindi hupatikana na tangazo lake huletwa. Mtengenezaji aliyeko Tanga akifungua programu yake mwenyewe ataona tangazo la vifurushi vya simu. Dakika hiyo hiyo, mtu wa Nairobi aliyeamka kabla ya alfajiri kutazama saa ya adhana anaweza kukuta kindege kinachopaa na fedha zinazopanda nacho, mchezo wa kubeti ambao Wakenya wanaujua vizuri kiasi kwamba Aprili 2025 bodi yao ya kusimamia kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. AdMob ina mahali pa kuzuia aina za matangazo, na mitandao mingine haina uangalifu huo. Vyovyote iwavyo, ripoti ya mapato humwambia mtengenezaji matangazo yameonekana mara ngapi na yameleta kiasi gani. Haimwandikii kwamba senti hizi nne ni za kamari.

Bado, hata angeweza kuyachuja yote, yakabaki ya sabuni na unga wa ngano peke yake, lile la Brightest Flashlight lingekuwa palepale. Mjadala wa halali na haramu ya bidhaa umekuwa mrefu na wa lazima, lakini umewafanya wengi wasahau upande mwingine ambao wanazuoni wa zamani waliushughulikia kwa ukali uleule: hali ya yule unayefanya naye biashara.

Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliweka katika Ihya' Ulum al-Din kitabu kizima cha adabu za kuchuma. Masharifu wa Kihadhrami waliotua Lamu, Unguja na Ngazija walikuja na mapenzi makubwa kwa Ihya, kwa hiyo kitabu hiki si kigeni pwani. Akieleza jinsi ya kutomdhuru mwenzako katika biashara, Ghazali anataja mambo manne: usiisifu bidhaa kwa sifa isiyokuwa nayo, usifiche aibu zake, usifiche uzito na kiasi chake, na usifiche katika bei yake jambo ambalo mwenzako angelijua angekataa. Humo humo mna kisa cha Ibn Sirin aliyemuuza kondoo kisha akamwonya mnunuzi kwamba mnyama huyu ana kasoro, huyageuza majani kwa mguu anapolishwa. Kasoro ya kupiga majani teke! Wafanyabiashara wengi wa leo wangeiona kuwa ni mbwembwe za kondoo.

Sharti la nne ndilo linalokamata. Kama angejua, angekataa? Kwa karne nyingi hilo lilikuwa swali la dhamiri, lisilopimika. Kisha kampuni ya Apple, kwa sababu zake za kibiashara ambazo hazina uhusiano na Ghazali, ikalifanyia majaribio dunia nzima. Aprili 2021, kwa toleo la iOS 14.5, kila programu iliyotaka kumfuatilia mtu kutoka programu moja hadi nyingine kwa ajili ya matangazo ililazimishwa kumuuliza kwanza, kwa kisanduku kimoja cha maneno machache na vitufe viwili. Watu wengi walikataa. Februari 2022 Meta, kampuni yenye Facebook, ilikadiria kwamba mabadiliko hayo yangeipunguzia kiasi cha dola bilioni 10 kwa mwaka huo. Zile bilioni 10 ni thamani ya swali ambalo halikuwa likiulizwa.

Watetezi husema ridhaa ilikuwepo tangu zamani, kwani kila mtu alibofya kukubali masharti. Msikilizaji yeyote wa redio ya Tanzania anaijua ridhaa ya aina hiyo. Tangazo husomwa kwa madaha, kisha sauti hukimbia kama inafukuzwa: vigezo na masharti kuzingatiwa. Nani aliwahi kuvizingatia? Fiqhi haikatai mkataba mrefu. Inachokataa ni kumfanya mtu aridhie asichokijua, na kurasa 30 za Kiingereza cha mawakili kwenye kioo cha inchi sita ni njia ya uhakika ya kumfanya asijue.

Afrika Mashariki jambo hili lina uzito mwingine ambao waandishi wa Ulaya na Marekani hawaugusi kwa kuwa hauwaumi: bando. Mtu amenunua kifurushi cha siku, data kidogo ya kumvusha mpaka jioni. Anafungua programu ya bure kusoma zaburi. Video ya tangazo inajipakia yenyewe, megabaiti kadhaa zinaondoka, na zaburi bado haijaonekana. Kwa hiyo mwenye bidhaa amelipa, Google imechukua chake, mtengenezaji amepata chake, na gharama ya kulisafirisha tangazo mpaka machoni pa mtazamaji imelipwa na mtazamaji. Katika mapokeo ya Kiislamu mali ya mtu hailiwi ila kwa radhi ya nafsi yake, na Wakristo hawana mafundisho tofauti na hayo kuhusu kuchukua cha jirani. Bando ni mali. Halihitaji falsafa ya kina kuthibitisha hilo. Muulize aliyekatikiwa akiwa katikati ya mazungumzo ya simu na mchumba.

Pia kuna hila ndogondogo, na hapa hukumu haina utata. Kialama cha kufungia tangazo hufanywa kidogo kuliko ncha ya kidole, au huchelewa kutokea, au huwekwa pale pale ambapo kitufe cha ukurasa unaofuata kilikuwepo sekunde moja iliyopita. Anayekosea kukigusa huwa amebofya, na mbofyo hulipwa. Google inakataza mpangilio wa kuvizia mibofyo ya bahati mbaya, na tangu Septemba 2022 duka lake la Play linakataza matangazo ya kioo kizima yanayomzukia mtu ghafla akiwa anafanya jambo jingine. Ghazali angeziita hila hizo ghishi, yaani udanganyifu, bila ya kusubiri sera ya Google.

Kisa kilichowashitua Waislamu wengi zaidi hakikuwa hata cha tangazo, ingawa ni cha soko lile lile. Novemba 2020 Motherboard, tovuti ya jarida la Vice, iliripoti kwamba Muslim Pro, programu ya nyakati za swala na kibla iliyopakuliwa zaidi ya mara milioni 98, ilikuwa ikipeleka mahali walipo watumiaji wake kwa kampuni ya Marekani iitwayo X-Mode, na kwamba X-Mode iliwauzia taarifa za mahali wakandarasi na, kupitia kwao, jeshi la Marekani. X-Mode ilikuwa na desturi ya kuwalipa watengenezaji ili waweke msimbo wake ndani ya programu zao. Muslim Pro ilikanusha kuliuzia jeshi taarifa moja kwa moja, ikakata uhusiano na X-Mode. Mwezi uliofuata Apple na Google zikawataka watengenezaji wauondoe msimbo huo. Januari 2024 FTC ikaipiga marufuku kampuni iliyoirithi X-Mode kuuza taarifa za mahali nyeti, nyumba za ibada zikiwemo.

Programu ya kibla ina sababu halali kabisa ya kujua mtu yuko wapi. Bila hilo haiwezi kumwelekeza Makka. Tofauti yake na tochi iko hapo, na hapo ndipo ubaya wake unapozidi. Tochi ilichukua kisichoihusu. Hii ilipewa amana kwa ajili ya swala, ikaifanyia biashara nyingine. Yaliyotangazwa kwenye kioo yangeweza kuwa safi yote, kila bango likiuza tende na misala, na bado mtu aliyesimama kuelekea Makka angekuwa amehesabiwa kwenye daftari la watu asiowajua.

Wakristo wana mfano wa kinyume chake, unaofaa kutazamwa bila ya kuusifu kupita kiasi. Kanisa la Life.Church la Oklahoma lilitoa programu ya Biblia ya YouVersion mwezi Julai 2008, siku ambayo duka la programu la Apple lilifunguliwa. Kufikia mwaka 2021 ilikuwa imewekwa kwenye vifaa zaidi ya nusu bilioni. Haitozi mtu wala haionyeshi matangazo. Inaendeshwa kwa michango. Viongozi wake wangeweza kutafuta kisingizio kwa urahisi, kwani hata wabadili fedha wa hekalu la Yerusalemu walikuwa na huduma halali: mahujaji walihitaji sarafu inayokubalika kulipia kodi ya hekalu. Meza zao zilipinduliwa kwa sababu ya mahali zilipowekwa na jinsi zilivyotumiwa. Paulo, kwa upande wake, alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila ili asiwe mzigo kwa aliokuwa akiwahubiria. Kijana anayetengeneza programu ya tenzi Sumbawanga yuko karibu na Paulo kuliko alivyo karibu na Oklahoma. Hana kanisa kubwa la kumchangia, ila huenda ana kazi nyingine ya mikono inayoweza kuibeba ile ya tenzi.

Pwani kuna njia ya tatu ambayo imesahaulika katika mjadala huu, nayo ni wakfu. Misikiti, visima na madrasa ziliendeshwa kwa kodi za nyumba na mavuno ya minazi yaliyofungwa kwa ajili hiyo, na Zanzibar hadi leo ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Mashafii, ambao ndio wengi wa ukanda huu, hutaka kitu cha wakfu kiwe chenye kubaki huku kikinufaisha, ndiyo maana chakula hakiwekwi wakfu. Programu haiishi kwa kutumiwa. Watu milioni wakisoma tafsiri ile ile ya Kurani, msimbo wake haupungui hata herufi moja. Seva ina ankara, na fundi lazima arekebishe mambo kila simu mpya zinapotoka, lakini nyumba ya wakfu nayo huvuja paa. Kinachokosekana ni mtu wa kuweka wakfu wa namna hiyo, na mahakama ya kadhi au kamisheni iliyo tayari kuuandika.

Katika masimulizi ya matangazo na dhamiri, jina moja halikwepeki: Dong Nguyen wa Hanoi. Mchezo wake Flappy Bird, kindege kinachopita kati ya mabomba, ulitoka Mei 2013 na kukaa kimya hadi Januari 2014, ulipopanda mpaka kileleni mwa orodha za programu za bure. Iliripotiwa kwamba matangazo yalimwingizia karibu dola 50,000 kwa siku. Februari 2014 aliuondoa madukani mwenyewe. Hakuna mahakama iliyomlazimisha, na hakukuwa na kashfa ya taarifa za watu. Aliliambia jarida la Forbes kwamba mchezo ulikuwa umegeuka uraibu, na hilo aliliona tatizo. Waliokuwa wameshaupakua waliendelea kuucheza, kwa hiyo matangazo yaliendelea kumlipa kwa muda. Baada ya miezi kadhaa alitoa mchezo mwingine. Walimwengu walimcheka au wakamtukuza. Kwa mizani ya Ghazali hakuhitaji yote mawili. Baada ya uadilifu, ambao ni kutodhulumu, Ghazali anaweka daraja ya ihsani, pale mtu anapoacha haki yake kwa ajili ya mwenzake. Nguyen hakudaiwa kitu, akaacha. Ni sawa kumstahi, si sawa kumfanya kanuni. Kijana wa Tanga anayengoja dola 100 za kwanza halazimiki kufika ihsani kabla ya kulipwa.

Anacholazimika ni uadilifu, na uadilifu hapa una sura inayojulikana. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na ile ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 zote zinataka mtu aelezwe taarifa zake zinachukuliwa kwa ajili ya nini. Kwa Kiswahili, kwa sentensi mbili, kabla ya ombi la kwanza kutumwa, inawezekana. Tangazo la picha badala ya video huliokoa bando. Na lipo tangazo la zawadi: mtumiaji huambiwa akitaka atazame video, apate kitu fulani, na asipotaka aendelee na shughuli zake. Kati ya mipango yote iliyopo sokoni, huu ndio unaokaribia mauzo ya kweli, kwa kuwa mwenye muda anaulizwa, anajua bei, na anaweza kusema hapana.

Udhaifu wake ni mtoto. Nyumba nyingi za Afrika Mashariki zina simu moja yenye michezo, na jioni anayeishika ni mwenye miaka sita. Yeye ndiye anayeulizwa kama anataka kutazama video apate sarafu za dhahabu za mchezo, na yeye hajibu hapana hata siku moja. Juni 2020 kampuni ya HyperBeard ilikubali kulipa dola 150,000 kumaliza madai ya FTC kwamba iliruhusu mitandao ya matangazo kukusanya taarifa za watoto katika michezo yake bila ya idhini ya wazazi. Katika fiqhi ya Kishafii mtoto hauzi wala hanunui, hata akiwa na akili ya kupambanua, mpaka abaleghe na awe na busara ya mali. Walii wake ndiye humfanyia mkataba, tena pale tu panapokuwa na manufaa kwa mtoto. Kwa hiyo yule aliyebofya kukubali siku programu ilipowekwa, hata kama alisoma kila neno, aliridhia kwa niaba yake mwenyewe. Muda wa mwanawe haukuwa wake kuuza kwa faida ya mtu wa Tanga, na mtu wa Tanga, kwa jinsi mfumo ulivyojengwa, hawezi kujua jioni ile aliyeishika simu alikuwa nani.